Nililala Kitandani kwa Wifi, Kisha Nikamgombanisha na Mama Yake

Mpendwa Mama Clelia,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka chini kabisa kabla hujanikasirikia, maana ninavyoanza utadhani mimi ndiye niliyeonewa, na ukifika mwisho utajua siye. Majina nimeyabadilisha, ingawa huku vilimani, mkoani kwetu Marche, watu wanatambuana hata kwa kikohozi.

Nina watoto wawili, Tobia wa miaka mitatu, na Gemma wa miezi mitano ambaye tangu azaliwe hajaona sababu ya kulala. Tunakaa ghorofa ya juu mbele ya uwanja wa kanisa, kengele ziko usawa wa jiko langu, na lifti imekufa tangu nikiwa na mimba. Tuko mimi, mume wangu Fausto anayekata ngozi kwenye kiwanda cha viatu, watoto, na mama mkwe wangu, mama Iole. Mama ni mtu mwema, sina neno baya juu yake, ila masikio yamechoka. Ukikaa naye uso kwa uso, ukapaza sauti, mtaelewana, lakini kwenye simu hasikii kitu, kwa hiyo simu zake zote napokea mimi, naambiwa mimi, halafu namfikishia. Hilo la simu likumbuke, ndilo lililoniponza.

Baba mkwe alipofariki, mama aliwagawia watoto wake wawili mapema ili wasije wakagombana juu ya kaburi lake. Fausto akapewa fleti, kwa sababu ndiye anayekaa na mama. Dada yake Ottavia, wifi yangu, aliyeolewa Bologna, akapewa nyumba ya zamani ya shamba kule juu kilimani, alikozaliwa mama mwenyewe, na usidhani ilikuwa nyumba, ilikuwa mawe na miiba, paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda, chini zizi la ng'ombe, juu vyumba ambavyo popo walikuwa wameshavizoea. Siku ile nilimwonea huruma wifi yangu kweli kweli. Nilimwambia Fausto, "Masikini dada yako, kapewa nyoka." Tukacheka mpaka mama akagonga ukuta, na ujue kama mama alisikia, basi tulicheka sana.

Ottavia na mumewe hawakujaliwa mtoto. Nadhani ndiyo sababu ile nyumba wakailea kama mtoto. Wakaleta msanifu majengo kutoka Milano, kijana wa miwani ya duara anayevaa viatu bila soksi, akapanda kilimani, akakaa juu ya jiwe asubuhi nzima bila kusema, halafu akasema, nyumba hii haitaki kuguswa sana. Kisha akaigusa kila mahali.

Sasa Mama Clelia nikueleze ilivyo, nisikilize tu niteme. Zizi lote limekuwa sebule moja, na upande wa bonde hakuna ukuta, kuna kioo kutoka sakafuni mpaka darini, umekaa kwenye kochi unaona mashamba yote ya alizeti mpaka milimani na hakuna mtu anayekuona wewe. Lile hori walilokuwa wanalishiwa ng'ombe limesuguliwa, limepangwa chupa za mvinyo na taa ndogo ndogo. Jikoni huoni friji, huoni jiko, huoni hata kitasa, ni mbao nyeupe tupu, mara ya kwanza nilipapasa ukuta kama kipofu nikitafuta maji ya kunywa. Mnara wa njiwa umekuwa bafu, na beseni la kuogea liko katikati ya chumba peke yake kama jeneza siku ya mazishi. Bwawa la kuogelea ni jeusi, eti maji yafanane na kisima. Na tanuri la mikate pale nje, tanuri la mama, ambalo bibi yake aliokea, mama yake akaokea, na yeye akaokea mpaka siku aliyoolewa, msanifu alisema ni sanamu. Akaweka taa ndani. Usiku linawaka rangi ya chungwa bila moto. Mama alipopelekwa kuona, alisimama mbele ya lile tanuri, akainama akachungulia, akasema, "Haya. Sasa nyie mnaoka mwanga." 

Nyumba ikatoka kwenye gazeti, kurasa nzima nzima, tena gazeti la kung'aa linalouzwa nchi nzima. Nikienda kununua mkate, Palmira mwenye duka pale uwanjani ananisubiri.

"We! Umeona nyumba ya wifi yako gazetini?"

"Nimeona."

"Ukuta wa kioo! Sasa si ndege wanajigonga?"

"Wanajigonga kila siku."

"Masikini ndege! Lakini nzuri jamani, nzuri. Na nyie lifti yenu imetengenezwa?"

"Bado."

"Haya chukua mkate wako mpenzi, ngazi ni mazoezi."

Ndege hawajigongi. Sijaona hata mmoja aliyejigonga. Lakini niliposema vile nilijisikia vizuri njia nzima, hadi ngazi ya kwanza.

Ottavia akanipa funguo. Wanakuja Jumamosi na Jumapili tu, kwa hiyo aliniomba katikati ya wiki nipande nikafungue madirisha nyumba ipate hewa. "Wifi, sina mwingine wa kumwamini," alisema. Nikapanda siku ya kwanza mchana, baada ya chakula, Tobia yuko chekechea, Gemma nimembeba kifuani analia kama kawaida yake. Nikafungua mlango. Kuta za kule ni nene, Mama Clelia, unene wa mkono mzima, ndani kuna ubaridi na kimya. Gemma akanyamaza. Akatazama huku na huku, akafumba macho. Nikasema nisimwamshe, nikae kidogo kitandani kwa wifi, pembeni tu. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande mwingine, na mtoto bado amelala, na mimi nilikuwa nimelala nimevaa viatu juu ya shuka za kitani.

Kuanzia hapo nikawa napanda kila mchana. Wifi aliomba mara moja kwa wiki, mimi nikaenda kila siku. Nilijifunza friji iko nyuma ya ubao gani. Nilivaa joho lake la kuogea. Mama akiniuliza, namwambia nakwenda kutembeza mtoto, na si uongo, natembea kweli mpaka pale mlangoni.

Siku moja nimekaa nje na lile joho, likaja gari limeleta viti vipya vya bustani. Dereva akateremka akasema, "Bibi mwenye nyumba, viti niviweke wapi?" Ningeweza kusema mimi siye mwenyewe. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Pale chini ya mforsadi, viangalie bonde." Akavipanga. Akasema, "Una bahati bibi, kukaa mahali kama hapa." Nikasema, "Asante, tunashukuru." Na Jumamosi Ottavia akapiga simu, masikio yakanipata moto nikijua nimekamatwa, kumbe anasema, "Wifi, viti umeviweka pazuri kuliko alivyochora msanifu! Una jicho wewe." Afadhali angenitukana.

Maana ubaya wake ni huo, hana ubaya. Angekuwa na maringo ningemchukia mara moja, moyo wangu ukapumzika. Lakini anamletea Tobia buti za mvua, anamshika Gemma nipate kula, na Gemma akishikwa na yeye anacheka, anacheka kwa sauti, mimi mamaye ambaye sijalala ananitazama kama mtu wa kodi. Nikamwomba awe mama wa ubatizo wa Gemma, alilia kwa furaha, na wakati analia mimi nilikuwa natazama viatu vyake.

Sasa kosa lenyewe. Jumanne moja napiga pasi, Gemma kwenye kiti chake analia, simu ikalia, Ottavia.

"Wifi, kibinti changu hajambo?"

"Unamsikia."

"Mwache alie, atakuwa mwimbaji. Sikiliza, nimepata wazo. Chakula cha ubatizo tukifanyie kule juu. Meza ndefu nje kwenye ule uwanja wa kupuria ngano, ukoo mzima, na mama apike mwenyewe vincisgrassi zake, zile tambi za tabaka za tanurini, atuongoze sote. Unaonaje?"

Nikaona yote kwa mpigo mmoja. Nikawaona shangazi na wajomba wanashuka kwenye magari, wanasema "Loo!" mbele ya kioo, wanapiga picha bwawa, wanauliza bafu liko wapi, na mwanangu amevaa gauni jeupe mikononi mwangu hakuna anayemtazama, na siku pekee ambayo ingekuwa yangu na yake inakuwa siku ya nyumba ya Ottavia. Na nikaona kitanda changu, ndiyo, nilikiita changu, watu wamerundika makoti juu yake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Wifi, niseme ukweli? Mama hataki."

"Hataki nini?"

"Kule juu. Anasema akiliona lile zizi mlivyolifanya roho inamuuma. Anasema si kwao tena."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Alisema hivyo? Mama?"

"Usimwambie kama nimekwambia. Ataumia."

"Hapana, siwezi kumwambia," akasema. "Asante kwa kuwa mkweli, wifi."

Nikakata simu, mama akatoka jikoni akijifuta unga kwenye aproni, akaniona na simu mkononi. "Ni Ottavia? Kasemaje habari ya ubatizo? Nilitaka aniachie tanuri."

Nikamsogelea sikioni. Ningeweza kurudi nyuma hapo, Mama Clelia, mlango ulikuwa wazi. Nikapaza sauti: "Anasema Jumapili hiyo ana wageni! Waholanzi wamekodi nyumba!"

"Jumapili ya ubatizo?"

"Ndiyo, mama."

Akarudi kwenye meza yake akaanza kukanda. Baadaye sana akasema, "Waholanzi." Halafu akasema, "Basi wabatizwe wao."

Watu wa ukoo huu wakiumia hawaulizani. Wanakunja midomo wanaendelea kukata tambi. Mimi nililijua hilo, nikalitegemea. Jumapili iliyofuata Ottavia alikuwa kule juu na hakushuka kuja kula kwetu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mama aliweka sahani yake mezani kama kawaida. Tulipomaliza supu akainuka akaitoa, akaifuta, na ilikuwa safi, akairudisha kabatini. Fausto akaniuliza, "Hawa wamenuniana nini?" Nikasema sijui, mambo ya mama na binti.

Juzi Ottavia amepiga simu tena, sauti yake imekauka kama ya karani. Amesema Alhamisi ya wiki ijayo dalali anakuja kupima nyumba. Anataka kuiuza. "Niliijenga ili mama apate kurudi kwao," alisema. "Kama nimemfukuza kwao, ya nini? Wakae Waingereza. Na wifi, tafuta mama wa ubatizo mwingine, sitaki kusimama kanisani mama akinitazama kwa uchungu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipopokea habari kwamba nyumba inauzwa, moyo uliruka kwa furaha. Ulitangulia kuruka, ndipo nikaogopa.

Mchana ule nikapanda na Gemma. Nilitaka kulala tu, nisifikiri. Nikapita kando ya tanuri, nikaona giza mdomoni mwake. Nikainama. Taa imetolewa, waya umekatwa na kufungwa vizuri. Ndani kuna kuni kavu za mzeituni zimepangwa, nyembamba chini, nene juu, kama mama anavyotaka, na pembeni limeegemezwa koleo jipya la mbao la kutolea masinia. Alishaliandaa tanuri. Lazima alikuwa ameliandaa kabla hajanipigia simu ile ya kwanza, maana baada ya hapo angemwandalia nani? Nikaingia ndani nikajilaza, Gemma akalala, mimi kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ile sikupata usingizi.

Mama Clelia, nifanye nini? Nikisema, nitawapoteza wote, mama ninayekaa naye nyumba moja, wifi, na pengine mume. Nikinyamaza, nyumba itauzwa, watazoea, watu wanazoea kila kitu. Au nimwache Fausto aseme kwa niaba yangu, yeye ni ndugu yao watamsamehe? Au niseme nilisikia vibaya? Ubatizo unakaribia na paroko anataka jina la mama wa ubatizo.

Ni mimi,
Mwenye Funguo


MAMA CLELIA ANAJIBU

Mwenye Funguo,

Jibu hili nimekutumia moja kwa moja kabla gazeti halijatoka, kwa sababu dalali hasubiri gazeti. Wasomaji watalisoma baadaye. Wewe lisome sasa, simama kama umekaa.

Nimekusoma mpaka chini kama ulivyoniomba. Nilikusoma nimempakata wangu wa mwisho, amenichafulia bega, na nikiri kwamba kwenye ile habari ya kuta nene na kimya mimi nilikuonea wivu wewe. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu anayelala. Nakujua. Najua mwili ukikosa usingizi miezi mitano unavyoona kochi la mwenzako kama dhambi yake.

Sasa wivu. Wivu wako sina ugomvi nao. Mtu aliyecheka kwamba mwenzake kapewa nyoka, halafu nyoka wakageuka kioo na bwawa, asipoona wivu ni mgonjwa. Ungeendelea kumdanganya Palmira habari za ndege mpaka uzeeke, nisingekuandikia hata mstari. Lakini wewe ulichukua masikio ya mama mzee. Yeye hasikii, kwa hiyo alikupa wewe usikie badala yake, na wewe ukayatumia kumkata na binti yake. Hapo sina sauti ya upole, na usiitafute.

Umeniletea njia nne, tatu ni za kukimbia. Kunyamaza, hapana. "Nilisikia vibaya", hapana, huo ni uongo wa tatu na hautafika jioni. Fausto aseme, hapana. Nyumba hii imeshaumizwa na mtu anayebeba maneno ya wengine, na wewe unataka kuongeza mbebaji. Fausto mwambie leo kabla ya chakula, ili asije akasikia kwa dada yake, na umwambie akae na watoto wakati unapiga simu. Kazi yake ni hiyo tu.

Mpigie Ottavia kwanza, kwa sababu yeye ndiye ameita dalali. Usianze na uchovu wako, usianze na kulia, usianze na "unajua nakupenda". Anza hivi: "Wifi, mama hakusema lile neno. Nililitunga mimi. Na yeye nilimwambia una wageni Waholanzi, nao nikawatunga." Halafu funga mdomo. Atakachosema kipokee. Akikata simu, mwache akate, usimpigie tena na tena kama anayedai. Atapiga.

Lile la moyo kuruka usimwambie. Umeniambia mimi, kamwambie na padre, inatosha. Unadaiwa ukweli wa ulichotenda, hudaiwi kumwonyesha kila uchafu uliopita kichwani, hiyo ingekuwa kujipumzisha wewe kwa kumuumiza yeye mara ya pili. Lakini la kitanda mwambie. La joho pia. Ni vyake.

Kisha mama. Hapa sitakudanganya, ni pagumu, kwa sababu hutaweza kunong'ona. Utakaa mbele yake uso kwa uso na utapaza sauti, useme, "MAMA, NILIKUDANGANYA," na mbele ya uwanja wa kanisa madirisha yakiwa wazi Palmira atasikia kabla hujamaliza. Ukiona aibu funga madirisha. Sauti usipunguze. Uongo uliupazia sauti, ukweli nao uupazie.

Baada ya hapo mpandishe mama kilimani, au Ottavia ashuke, wao watachagua. Wakikutana, wewe toka nje na watoto. Usikae pale kufikisha maneno. Ottavia ana mdomo, mama ana macho, watakaribiana na watapigiana kelele, na kelele hizo ndizo walizozikosa. Na kuanzia wiki hii acha kazi ya simu. Ottavia akitaka kuongea na mama yake, apige simu ya kuonana, mama amtazame midomo, au aje. Wewe umefukuzwa kazi hiyo, na nadhani utashukuru.

Chakula cha ubatizo kitafanyikia wapi? Watakapotaka mama na Ottavia. Zamu yako ya kuchagua umeitumia vibaya. Mama wa ubatizo ni nani? Mwombe Ottavia upya, kama hujawahi kumwomba, na mpe nafasi ya kukataa. Padre atangoja jina, mapadre wamezoea kungoja. Na ikiwa ni kule juu, ndiyo, shangazi watasema "Loo!" mbele ya kioo. Watasema muda ule wa kuvua makoti. Halafu sinia la vincisgrassi litatoka tanurini na hakuna Mmarche aliyewahi kutazama ukuta mbele ya sinia. Gemma naye atalia, kwa unavyomsimulia, na wote watamtazama. Usimhofie huyo, anajua kujipatia zamu.

La mwisho. Nimeisoma barua yako nikitafuta unachokitaka kwa Ottavia. Bwawa umelitaja kwa kejeli, hori umelitaja kwa kejeli, beseni la bafuni umeliita jeneza. Ila kimya, na ubaridi, na mtoto aliyefumba macho, hivyo umevisema taratibu, bila sumu. Wewe hukutamani ile nyumba, mwanangu. Ulitamani mlango unaofungika na mtu akusaidie mtoto, na badala ya kuomba ukaiba, halafu ukamchukia mwenye mali. Basi yakishatulia, omba. "Wifi, naomba nije kulala kwako mchana." Mwambie waziwazi, akiwa na haki ya kusema hapana. Akisema hapana, mrudishie funguo na umpe asante. Na Fausto, anayejua kukata ngozi nzima kwa mkono ulionyooka, anaweza kumbeba mtoto wake wa miezi mitano Jumapili asubuhi akazunguka naye uwanja wa kanisa huku wewe umelala. Hilo usimwombe. Mwambie.

Utawapoteza? Huenda mmoja atakununia hadi vuli. Utaishi. Kuna watu wamenuniwa na mama mkwe ndani ya fleti moja wakatoka hai, mimi mmojawao.

Kuni ziko ndani ya tanuri, kavu, zimepangwa na mwanamke anayempenda mama yake na anayempenda mwanao. Kazi yako wiki hii ni moja, ziwashwe na mama Iole kwa mkono wake, wasije wakaziwasha wageni walionunua nyumba. Mpe Fausto mtoto. Piga simu.

Mama Clelia